Spoki Arubaini za Nyuma

Mtu aliyekulia juu ya baiskeli utamjua kwa namna anavyoipanda. Hushika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga pedeli kwa wayo wa kushoto, akasukuma ardhi kwa mguu wa kulia mara mbili au tatu, na chombo kikishaanza kujiendea hurusha mguu nyuma ya kiti na kukaa bila kuyumba. Muuza maziwa hana nafasi hiyo ya nyuma, kwa kuwa keria yake imebeba mitungi. Yeye huukunja mguu wa kulia, akaupitisha mbele, juu ya bomba la fremu, baiskeli ikiwa tayari mwendoni, na mzigo ukabaki wima. Nimewatazama wauza maziwa wakifanya hivyo asubuhi nyingi kando ya barabara ya Kapkatet, na mpaka leo hupunguza mwendo ili nione mguu ukipita.

Tena tazama mitungi yenyewe. Hujazwa hadi shingoni, na kuna sababu. Maziwa yaliyojaa hayana pa kwenda. Maziwa ya nusu mtungi huyumba kwenye kila kona, yakaivuta baiskeli upande ambao mwenyewe hautaki. Ndiyo maana mtu ambaye ng'ombe wake wamepunguza huyahamishia maziwa kwenye mtungi mdogo, hata kama ule mkubwa ni mzuri na umesuguliwa ukang'aa, kisha akaufunga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu. Akishuka nao kuelekea Sotik, kwenye kiwanda cha New KCC, hausikii ukigonga chuma.

Nchi hii ya majani chai, kuanzia Kericho mjini, ikapita Litein na Kapkatet hadi Sotik, kisha ikazunguka Bomet, Silibwet na Mogogosiek, haimwiti mtu apande baiskeli. Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito inayoteremka kutoka msitu wa Mau, Kiptiget na Itare na mingineyo, imechimba mabonde kila upande, na barabara isiyopanda huwa inashuka. Hata hivyo, jua likichomoza utawaona watu njiani: makarani wa vituo vya kupimia majani, walimu, askari wa usiku wanaorudi kulala, waashi wenye mwiko na pima maji ndani ya gunia, mafundi wa cherehani. Mimi ni mwalimu, nami nimo katika msafara huo. Raha tunayoipata humo nimeifikiria sana, na naamini chanzo chake ni ustadi. Mlima haumpi mwendesha baiskeli kitu bure. Anachokipata amekipata kwa kujua, na nyuma ya kujua kwake kuna kujua kwa fundi aliyemfungia gurudumu.

Nianze na saa. Kericho haifiki hata nusu digrii kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutoka karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana kwa nusu saa hivi tu. Wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya wanaokwenda kazini kwa baiskeli huanza safari gizani mwezi wa Desemba na kurudi gizani. Sisi mwanga wetu haubadilishi ahadi. Mvua nayo ina ratiba yake. Mchana kutwa upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuja nyanda za juu, ukipanda na unyevu wake, na alasiri wingu huvunjika. Hapa hunyesha kati ya milimita 1,800 na 2,000 kwa mwaka, na Kericho pamoja na Nandi Hills zimo miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Chai hupenda maji hayo na kuyaogopa mawe. Mwendesha baiskeli huchukua funzo moja: asubuhi ni yako, jioni utagawana na wingu.

Asubuhi ni baridi. Wengi wetu huvaa soksi mikononi, kwa kuwa chuma cha usukani hakina huruma ukungu ukiwa chini. Mwili hupata joto kwenye mlima wa kwanza, na hapo ndipo macho hufunguka vizuri. Michai imekatwa juu ikawa sawa kama meza, na ukungu umelala katika mistari iliyo kati yake. Wachunaji wameshaingia shambani na aproni zao za plastiki, kwa sababu umande wa chai humlowesha mtu hadi mifupani. Ukipita kwa gari utawaona. Ukipita kwa baiskeli utawasalimia, nao watakuitikia: Chamgei, chamgei mising. Kuna mama mmoja ambaye huniuliza kila Jumatatu kama watoto wamefanya kazi ya nyumbani, na amenishika mara kadhaa bila jibu, maana jibu lenyewe liko darasani bado.

Kisha kuna harufu, na hapa naomba nikae kidogo. Majani yaliyochunwa jana hulazwa kiwandani usiku ili yanyauke na kupoteza maji. Alfajiri huingia kwenye mashine za kukata, kupasua na kukunja, za aina aliyoibuni William McKercher huko Assam mwaka 1930, ambazo ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya chai ya Kenya. Majani yaliyosagwa hivyo huachwa yashike hewa hadi yageuke kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa moto wa kuni za mkalitusi. Kila hatua ina pumzi yake. Ya kwanza ni mbichi, kama nyasi iliyokatwa. Ya pili ina utamu unaokaribia ule wa tunda lililoiva mno. Ya mwisho ni kavu, yenye moshi mwembamba. Ukiwa umezoea njia moja kwa miaka, ukikaribia kiwanda cha Litein upepo ukiwa mzuri, unaweza kusema wako wapi katika kazi yao kabla hujaliona paa. Elimu hiyo haimletei mtu senti. Mimi nisingeibadilisha na kiti cha mbele cha matatu.

Baiskeli iliyozoeleka huku ni ile nyeusi, nzito, ya gia moja, ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba. Umbo lake lilitoka Uingereza, kwenye viwanda kama Raleigh cha Nottingham. Leo nyingi zinatoka India na China, zikiwa na majina kama Hero ya Ludhiana na Phoenix ya Shanghai, lakini vipimo vimebaki karibu vilevile: gurudumu la inchi 28, spoki 32 mbele na 40 nyuma, na breki zinazovutwa kwa vyuma virefu badala ya waya. Uzito wake hucheza kwenye kilo 20. Watu hucheka uzito huo mpaka siku watakapoifungia gunia la mbolea.

Ukiwa na meno 44 kwenye gurudumu la pedeli na meno 18 nyuma, kila mzunguko wa miguu hukusogeza mita tano na zaidi. Kwenye tambarare huo ni mwendo wa kifalme. Kwenye mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, mzunguko huohuo hunyanyua mtu na baiskeli yake zaidi ya sentimita 40 kwenda juu, na mtu wa kilo 70 hawezi kuendelea hivyo kwa muda mrefu, hata awe jirani wa wanariadha. Fundi wa huku hulijua jambo hilo bila kalamu. Mteja mpya akija, humuuliza anakaa wapi na anafanya kazi wapi, halafu humtolea meno 18 na kumfungia 20 au 22. Kwa meno 22 kila mzunguko hukupeleka mita nne na nusu tu. Meno manne hayo yameokoa magoti mengi kati ya Chemosit na Kaplong.

Hata hivyo mlima hupandwa kwa kichwa kwanza. Mzoefu haukimbilii. Hupunguza kabla ya kuuanza, akashusha pumzi, akachagua upande wa barabara ambao murami yake imeshikana. Akifika pale mteremko unapokaza, husimama juu ya pedeli na kuuacha uzito wake ufanye kazi: anaangukia kushoto, anaangukia kulia, mikono ikivuta usukani upande wa pili ili baiskeli isilale. Njia ikiwa pana na haina gari, hukata mlima kwa kona, akiunyoosha uwe mrefu na mwepesi. Na kuna mahali pa kushuka. Hili nalipenda kuliko yote. Asiyejua hushuka pumzi zikiwa zimemwishia, amesimama katikati ya barabara na mguu mmoja hewani. Anayejua amepachagua mahali pake tangu zamani, labda kwenye mti au kibanda cha maziwa, na hushuka akiwa bado na nguvu, akaendelea kwa miguu bila kuvunja mwendo. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti, mwili umeegemea mbele kidogo. Hakuna aibu yoyote katika kusukuma. Mazungumzo mazuri ya njiani hufanyika hapo, maana wote tunaosukuma tuna mwendo mmoja, mwenye miaka 20 na mwenye 60.

Kushuka ni somo jingine, na ni somo la kuogopwa. Breki za Black Mamba huvutwa juu, raba zikabana rimu kwa upande wa ndani. Rimu ikiwa kavu hufanya kazi ya kuaminika. Rimu ya chuma ikilowa, raba huteleza juu ya maji na breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, jambo ambalo mgeni hulijua akiwa tayari kwenye kona. Wenyeji huanza kubana mapema, kwa upole, mita nyingi kabla ya haja, ili raba zifute maji kwanza. Wakisikia chuma kimeanza kushika ndipo huongeza. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Kwenye udongo mwekundu uliolowa hutafuta ukingo wenye kokoto au nyasi fupi, na breki ya mbele huiachia, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza hakuna wa kulirudisha. Nimewaona vijana wasio na breki wakikanyaga tairi kwa soli ya akala. Ujasiri wao nauona, lakini siuhesabu katika ustadi. Raba za breki ni za bei ndogo kuliko vyote vilivyomo kibandani, na mtoto anayekusubiri nyumbani hana bei.

Fundi wangu ana kibanda cha mabati karibu na soko la Kapkatet, njia ya kwenda Litein. Ni mtu mzima, haongei sana, na sijamwona akimfanyia mtu kazi kwa haraka, hata mteja awe amesimama na saa mkononi. Nilimfikia wiki iliyopita, kwa kuwa baiskeli ilikuwa na mlio.

"Mzee, inalia huku chini."

"Inalia ukikanyaga, ama hata ukiachilia?"

"Ukikanyaga tu. Mara moja kila mzunguko."

"Basi si gurudumu, mwalimu. Ni pini."

Hakuwa ameigusa bado. Swali lake moja lilikuwa limeigawa baiskeli nzima sehemu mbili. Mlio unaoendelea hata ukiteremka bila kukanyaga hutoka kwenye magurudumu. Unaokuja na mguu hutoka kwenye pedeli, mnyororo, au pini zinazoshika mikono ya pedeli kwenye ekseli. Na mlio wa mara moja kwa kila mzunguko ni pini iliyolegea. Pini hiyo ni kabari ndogo ya chuma, yenye ubapa upande mmoja, na ubapa huo lazima ulale sawasawa juu ya ule wa ekseli. Za dukani hazilali hivyo. Fundi huiingiza, akaitoa, akatazama pale ilipong'aa kwa msuguano, akaisugua kwa tupa kidogo mahali hapo, akairudisha. Alifanya hivyo mpaka ubapa wote ukang'aa kwa pamoja. Kisha akanionyesha kwamba pini mbili huingizwa zikielekeana kinyume, moja kutoka mbele na nyingine kutoka nyuma. Ukizielekeza upande mmoja, mikono ya pedeli haitakaa kwenye mstari, na mwenye baiskeli atahisi anachechemea bila kujua kwa nini. Alipigilia kwa nyundo huku akiwa ameweka kipande cha bomba chini ya mkono wa pedeli, ili pigo lishuke ardhini badala ya kuishia kwenye gololi.

Gololi nazo zina sheria yake. Kwenye habu ya mbele zinaingia 10 kila upande, ndogo. Nyuma 9 kubwa kidogo. Kwenye ekseli ya pedeli 11. Yeye hasomi namba hizo popote. Hupaka grisi, akapanga gololi mpaka duara lijae, kisha akatoa moja. Nafasi ya moja iliyotolewa ndiyo inayoziacha zote zizunguke. Zikibanana husagana, na baada ya mvua za Aprili utakuwa na unga wa chuma. Akishakaza koni, hunyanyua gurudumu, akaliacha lijizungushe polepole mpaka lisimame lenyewe. Upande mzito, penye valvu, ukishuka chini bila kusitasita, ameridhika. Ukisita, analegeza tena.

Lakini nilitaka kusema habari za gurudumu la nyuma, na nimezunguka sana kulifikia.

Gurudumu la nyuma la Black Mamba lina spoki 40 kwa sababu ndilo linalobeba kila kitu: mwenye baiskeli, keria, mzigo, na msukumo wa mnyororo. Spoki haziendi moja kwa moja kutoka katikati hadi ukingoni. Zinatoka kwenye habu kwa mshazari, nusu zikielekea mbele na nusu nyuma, zikivukana, ili unapokanyaga pedeli kuwe na za kuvuta. Fundi akilifunga upya huanza na habu tupu mapajani na rimu imelala mchangani. Huingiza spoki za upande mmoja kwanza, akiruka matundu kwa mpangilio alioshika kichwani, na kwa muda kitu kizima huonekana kama fujo isiyo na matumaini. Halafu huzungusha habu kidogo kwa mkono, na fujo hiyo hujipanga ikawa ua mara moja, kila spoki imepata mwenzake. Nimemwomba arudie hatua hiyo ili nielewe. Akarudia bila kuchoka, na bado sijaelewa vizuri.

Kifaa chake cha kunyooshea ni uma wa baiskeli kuukuu uliopigiliwa kwenye nguzo ya kibanda. Gurudumu likizunguka humo, husogeza chaki karibu na rimu mpaka iguse mahali palipovimba. Alama ya chaki humwambia pa kufanya kazi. Anakaza spoki za upande mmoja robo mzunguko, analegeza za upande wa pili robo mzunguko, anafuta chaki, anazungusha tena. Wanafunzi wake huona kasoro kubwa wakataka kuimaliza kwa mara moja. Yeye hurudi kwenye kasoro ileile mara nyingi, kila mara akichukua kidogo, kwa kuwa spoki moja ikivutwa sana, majirani zake ndio wanaolipa.

Mwishowe huweka chaki chini na kutumia sikio. Hupiga spoki kwa ukucha, moja baada ya nyingine, na kusikiliza. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti moja. Yenye sauti nzito imelegea, yenye sauti kali imebanwa. Kapkatet haikosi masikio: ni hapo, mwaka 1950, ambapo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa "Chemirocha" kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong, na rekodi hiyo imezunguka dunia tangu wakati huo. Fundi huinamisha kichwa juu ya gurudumu kama mpigaji anayetega chepkong yake kabla ya watu kufika.

Nilimuuliza kwa nini anazikaza sana, wakati ingeonekana kwamba spoki iliyolegea kidogo haitakatika upesi.

"Mzigo haukati spoki," alisema. "Kulegea ndiko kunakokata."

Mhandisi wa Marekani, Jobst Brandt, aliandika kitabu kizima mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, akaonyesha kwa hesabu jambo hilohilo. Uzito ukishuka kwenye gurudumu, spoki zilizo chini, karibu na ardhi, hupunguziwa mvuto wake, na zile za juu hazibadiliki sana. Gurudumu likizunguka, kila spoki hupunguziwa na kurudishiwa mvuto, mara moja kwa kila mzunguko, maelfu ya mara kabla ya kufika kazini. Iliyokazwa vizuri hubaki imevutwa hata ikiwa chini kabisa. Iliyolegea huachia, hujipinda shingoni inapoingia kwenye habu, na siku moja hukatika hapo, mara nyingi mwenyewe akiwa na mitungi miwili nyuma. Kitabu na kibanda vimefika mahali pamoja kwa njia mbili, nami naviheshimu vyote viwili, ila kibanda ndicho kinachofungua saa moja asubuhi.

Sitaficha kwamba baiskeli zimepungua. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache kila kona ya Kericho na Bomet ilikuwa na kituo cha boda. Pikipiki imewafikisha akina mama hospitalini usiku, na mtu mwenye akili hawezi kulalamikia hilo. Ninacholalamikia ni kwamba barabara za lami zimeendelea kujengwa kana kwamba mwendesha baiskeli amekwisha hama. Kwenye sehemu nyingi za barabara ya Kericho hadi Sotik, lami huishia kwa ngazi kali, na chini yake kuna mtaro. Lori la majani likikupita hapo unahitaji roho ngumu. Ukingo wa mita moja na nusu ungewatosha watoto wa shule, wasukuma mikokoteni na sisi.

Ahueni yetu ni barabara za chai. Majani mabichi hayawezi kusubiri. Lazima yafike kiwandani siku ileile. Mashamba makubwa yaliyoanzishwa hapa miaka ya 1920 na kampuni za Brooke Bond na James Finlay yalichora njia zake kwa ajili ya kubeba majani hayo, na tangu mwaka 1964, KTDA ilipoanzishwa kuwahudumia wakulima wadogo, njia za murami zimeongezeka kuelekea vituo vya kupimia na viwanda vya Momul, Toror, Tegat, Kapkatet, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek. Trekta lenye trela lililojaa halipendi mlima mkali. Kwa hiyo njia nyingi za mashambani huzunguka kilima badala ya kukipasua, na baiskeli hufaidi ubinadamu uliokusudiwa kwa trekta. Njia yangu ya jioni ni ndefu kuliko ile ya asubuhi kwa sababu hiyo. Naacha lami, napita kati ya michai, nasikia mvua ikija juu ya majani kabla haijanifikia, na kama ni ya mawe najibanza kwenye kituo cha kupimia pamoja na wakulima na magunia yao. Karani huwa na habari zote: bonasi, bei ya mnada wa Mombasa, nani ameoza meno, nani amefaulu.

Siku hizi vijana wa Roret na Cheborge wanakuja na baiskeli za mitumba, za milimani, zenye gia nyingi na breki za waya. Mafundi kadhaa huzing'oa gia hizo na kubakiza moja, kwa kuwa vipuri ni shida. Kampuni ya Buffalo, ambayo baiskeli zake huunganishwa Kisumu, ilitoa mwaka 2023 chombo chenye mwendo wa aina mbili, ambao hubadilishwa kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo, bila waya wowote wa kukatika. Wazo hilo lingemfaa sana mtu wa milima hii, na ningependa kuiona moja mikononi mwa fundi wangu niusikie uamuzi wake.

Yeye kwa sasa ana gurudumu la nyuma la baiskeli moja ya mitumba kwenye ule uma wa nguzoni. Lina spoki 36, na gia zake saba zimekaa upande wa kulia, zikisukuma rimu isogee upande huo ili ikae katikati ya fremu. Alilinyoosha kwa chaki likawa sawa kabisa, lakini alipopiga spoki, za kulia zilitoa sauti kali na za kushoto sauti nzito, zote. Mwanafunzi wake alitaka kukaza za kushoto zilingane. Mzee alimzuia, akalitoa gurudumu, akaliinua mbele ya macho na kulitazama kwa ubavu, akapima kwa kipande cha mti umbali kutoka habu hadi rimu kila upande. Za kulia zinasimama wima zaidi, alimwonyesha kijana kwa kidole. Lazima zivutwe zaidi ili ziweze kushindana na zile za kushoto zenye mshazari. Kisha akarudisha gurudumu kwenye uma na kuanza kutega kila upande kwa sauti yake.